Asubuhi ya mtu aliyechoshwa na kazi

Kazi ikishakuchosha hadi usingizi haukutoshi tena, asubuhi yako haitaki ratiba mpya. Inataka kupunguziwa mzigo.

Anza usiku. Simu ilale sebuleni, uamshwe na saa ya mezani. Kwa wengi hapa Tanga adhana ya alfajiri inatosha. Muda wa kuamka usibadilike hata Jumapili. Ukilala hadi saa 4 kufidia uchovu, usiku wake usingizi hauji, na Jumatatu unaamka hoi.

Ukiamka, kaa kitandani dakika 5, miguu sakafuni, unywe glasi ya maji. Kichwa kuwa kizito kwa dakika 15 hadi 30 ni kawaida hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo usiamue bado kama siku ni mbaya.

Kisha toka nje. Mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili, na ule wa chumbani ni hafifu mno. Jua la Tanga hutoka karibu saa 12 kamili mwezi Novemba, na saa 12 na nusu hivi Julai. Likishatoka, kaa barazani au tembea taratibu dakika 15 hadi 20, bila kulikodolea macho. Wa Raskazone wana bahari. Wa Ngamiani wazunguke barabara mbili tatu kabla baiskeli hazijajaa. Ukirudi, vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, kwa dakika 5. Ukipata kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno.

Kahawa ingoje chakula, maana kwenye tumbo tupu huweza kuzidisha wahka kwa aliye nao tayari. Pika uji wa ulezi. Koroga vijiko vikubwa 4 vya unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi hadi ulainike, mimina kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, usiache kukoroga. Unga mkavu ukitiwa kwenye maji ya moto huiva nje tu, ndani ukabaki mkavu. Ndiyo madonge hayo. Uji ukianza kutokota, punguza moto, uuache dakika 10. Tui zito litiwe mwisho, moto ukiwa mdogo, lisikatike. Kukoroga huku ni sehemu ya tiba: mkono una kazi, kichwa hakina.

Simu ifunguliwe baada ya bakuli kuisha.

Wengi huharibu wiki ya pili. Nguvu zikirudi kidogo wanaongeza mbio, kozi, barua pepe za alfajiri, na uchovu unarudi wote. Ongeza jambo moja tu kila baada ya wiki 2. Ukikosa siku, usifidie. Kesho anzia kwenye mwanga.

Wiki 2 zikipita na bado hulali, au hata ulichokipenda hakikufurahishi, muone daktari. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali leo hii.