Somo: Kukagua kijito cha mlimani na kumlinda chura wa maporomoko

Kijana mmoja alinionyesha picha ya salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia, kwenye simu, akauliza tunawapata wapi huku Iringa. Hatuna. Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara haina salamanda wa asili. Lakini tunaye wa kwetu aishiye kwenye mawe ya vijito vya Udzungwa: chura wa maporomoko, Arthroleptides yakusini. Wataalamu walimpa jina hilo mwaka 2002, na hilo "yakusini" ni Kiswahili chetu kabisa. Yuko hatarini, na mengi yanayomtisha tunayafanya sisi wenyewe kwa majembe yetu.

Hatua ya 1. Ruhusa. Ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, omba kibali TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kijito cha kijiji, mwone mtendaji na kamati ya maliasili. Usiende peke yako, mawe yanateleza.

Hatua ya 2. Mabuti. Yasugue tope lote, uyaanike yakauke kabisa kabla ya kuingia kijito kingine. Kuna kuvu ya kitridi inayoshambulia ngozi ya vyura, nayo husafiri na maji na tope. Chura hunywa na kuvuta hewa kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika hana pa kukimbilia.

Hatua ya 3. Tafuta jiwe lililolowa. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanakwenda kuchungulia vidimbwi. Viluwiluwi wa chura huyu hung'ang'ania uso wa jiwe linaloteremkiwa na utando wa maji, au linalorushiwa manyunyu ya maporomoko. Nenda usiku, piga magoti, ulaze mwanga wa tochi ubavuni mwa jiwe. Utaona kitu kilichobonyea kama mbegu ya tikiti, chenye mkia mrefu mwembamba. Ukikaribia anajipinda na kuteleza juu ya jiwe kutafuta ufa. Usimguse. Mimi kila nikimwona nanyamaza kwanza.

Hatua ya 4. Pitisha kidole juu ya jiwe la jirani. Utelezi wa kijani ni mwani, chakula chao. Kidole kikitoka na udongo mwekundu, chakula kimefunikwa. Panda na kijito mpaka ukute udongo unakotoka: kinyungu (bustani ya bondeni kando ya maji), barabara ya magogo, au njia ya ng'ombe. Andika mahali na tarehe, peleka kwenye kamati. Bila hiyo karatasi, ukaguzi wote umekuwa matembezi.

Hatua ya 5. Kivuli. Penye mikaratusi karibu na chanzo, pandeni miti ya asili kama mivengi na mikuyu taratibu. Msifyeke mikaratusi yote siku moja, jua litakausha mawe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kinyungu changu kiko hatua kumi kutoka mtoni, nilirithi kwa marehemu baba. Nifanyeje?

Marahaba mama. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Najua kinyungu ndicho mboga na ada za watoto wakati wa kiangazi, sikulaumu. Anza msimu huu kuacha ukanda wa majani kando ya maji, usiulime kamwe, huku ukiomba kijiji kikutafutie eneo la juu. Na bomba la kupulizia dawa lisioshwe mtoni hata siku moja.

Mwalimu, nimeona mnyama wa miguu minne na mkia kando ya mto. Si salamanda kweli?

Tazama ngozi, ndugu. Akiwa na magamba ni mjusi au kenge mchanga. Salamanda ana ngozi laini yenye unyevu kama ya chura.

Kwa nini tusiwakamate tukawafuge mahali salama?

Yalishafanyika kwa chura mwingine, wa korongo la Kihansi huku huku Udzungwa, aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji mwaka 2000, manyunyu yalikauka, na vyura 499 wakapelekwa Marekani. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, lakini mpaka leo korongo lile linahitaji mabomba ya kunyunyizia maji. Mabomba yale ni kazi ya wataalamu na fedha nyingi. Kijito chako bado kinajinyunyizia chenyewe, kijana wangu. Kesho asubuhi anza na hatua ya 1.