Ukitoka Lushi (Lubumbashi) kwa ndege, piga hesabu mwenyewe

Jamani, mkipanga safari ya Kalemie msiangalie ramani ya barabara. Kwa mstari wa angani, kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, hadi Kalemie ni kama kilomita 660 tu. Gawanya kwa mwendo wa ndege, halafu ongeza kama nusu saa ya kuondoka, kupanda na kushuka. Kumbe kinachoamua ni aina ya ndege! Caravan, ndege ndogo yenye injini moja, huenda karibu kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo weka karibu masaa matatu. Ile ya pangaboi mbili inayokimbia 500 hufika chini ya mawili. Basi kabla ya kulipa, uliza ni ndege gani.

Wanaokwenda Kinshasa, angalieni saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Unaondoka saa nne asubuhi, unafika saa tano na robo, na mtu anashangilia jeti. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu: angani umekaa masaa mawili na robo. Kurudi, tiketi itaonyesha zaidi ya matatu. Anayekuja kukupokea Luano mwambie saa ya hapa kwetu.