Jiko la gesi lenye kifuniko: nilivyojifunza baada ya kuunguza nyusi

Nyusi zangu zilichukua miezi miwili kuota tena. Naanza na hilo ili usidhani anayekuelekeza hapa ni bingwa.

Nina nyumba ndogo ya wageni huku Shangani, Mtwara, vyumba sita na ua wenye minazi miwili. Mgeni wangu wa siku nyingi, mhandisi wa mambo ya gesi, mkataba wake ulipokwisha aliniuzia jiko lake la babikyu: mabomba matatu ya moto, magurudumu mawili, na kifuniko kikubwa kinachoinuka kama boneti ya gari. Kijana wa guta aliyelileta akaliita Boneti, na jina likaganda. Mwenyewe alipanda ndege bila kunionyesha namna ya kuliwasha. Nami, mtu mzima niliyepikia gesi miaka na miaka, niliona haya kuuliza.

Jioni hiyo nikafungua swichi, nikabonyeza kitufe cha cheche, kifuniko kikiwa kimefungwa. Tak, tak, tak, kimya. Nikabonyeza tena. Mara ya sita au ya saba ikashika, na gesi yote iliyokuwa imejikusanya ndani ikawaka kwa mpigo mmoja. Kifuniko kiliruka juu, moto ukanipitia usoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni anakuna nazi. Alisema maneno matatu tu: "Mkaa hauna kelele."

Tangu siku ile, kila anayekuja kuliazima namwambia kwanza habari za kifuniko. Unapowasha, kiwe wazi kabisa. Unapopika, kifungwe. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunawasha kimefungwa kwa kuogopa upepo, halafu tunapika kimeachwa wazi kwa mazoea ya jiko la mkaa.

Mtungi, mpira na mahali pa kuliweka

Sisi wa kusini tuna ugonjwa wa kujiona tunaijua gesi. Iligunduliwa Songo Songo kule Kilwa mwaka 1974, ikagunduliwa Mnazi Bay hapa kwetu mwaka 1982, na bomba linapita kwenda Dar es Salaam. Lakini hiyo ni gesi asilia, sehemu kubwa methani, nyepesi kuliko hewa. Ikivuja nje hupanda ikapotea. Ya mtungini ni nyingine: propani na butani zilizogandamizwa mpaka zikawa majimaji, nazo huja nchini kwa meli. Hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, inajaza mashimo, inaingia kwenye chemba na mitaro, inangoja cheche. Ndiyo maana mtungi hauwekwi karibu na mtaro wala ngazi za kushuka, na haulazwi. Unasimama wima mahali tambarare, kivulini, kando ya jiko na si chini yake.

Jirani mmoja, ambaye kwake gesi asilia inaingia kwa bomba, alinishauri nivute mpira kutoka kwake nisinunue mtungi tena. Fundi alikataa kata kata, na nashukuru. Vitundu vya kupitishia gesi kwenye jiko la mtungi ni vidogo, vya jiko la gesi asilia ni vikubwa. Ukiliwekea jiko la mtungi gesi asilia, moto utakuwa mnyonge. Ukifanya kinyume chake, moto utakuwa mkubwa wa kutisha. Soma stika ya nyuma. Yangu imeandikwa butani 28–30 na propani 37, hizo ni milibari za presha, na reguleta, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza presha, lazima iendane nazo. Usichukue reguleta ya presha kubwa ya majiko ya kupikia pilau la harusi.

Mpira nao una hadithi. Duka moja mjini liliniuzia mpira, muuzaji akiniapia kwamba ni wa gesi. Ulikuwa wa kumwagilia bustani. Mpira wa gesi huwa umeandikwa hivyo ubavuni mwake, mara nyingi pamoja na mwaka uliotengenezwa. Kama hauna maandishi, urudishe. Hata ulio halali, ukunje kwa vidole kila baada ya wiki chache: ukiona nyufa, ukiona umekakamaa, au panya ameonja, badilisha pamoja na klipu zake.

Kuangalia kama gesi inavuja hakuhitaji kibiriti, na wapo watu wazima wanaotumia kibiriti. Funga swichi zote za jiko, fungua koki ya mtungi taratibu, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote na kwenye mpira wote. Povu likianza kuvimba mapovu, hapo panavuja. Funga koki, kaza, paka tena. Likiendelea, hupiki leo.

Kuhusu mahali: mimi niliweka Boneti chini ya banda la makuti, kwa ajili ya kivuli. Fundi alipofika alitazama juu, akanitazama mimi. "Mama, unataka kuchoma samaki au unataka kuchoma banda?" Tukalivuta mpaka katikati ya ua, mita tatu kutoka ukuta wowote. Ndani ya nyumba, barazani palipofungwa au kwenye gereji, hapana kabisa, hata mvua ikinyesha. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke.

Halafu kuna upepo wa kusi. Nyuma ya jiko, chini ya bawaba za kifuniko, pana uwazi wa kutolea joto. Upepo ukiingia hapo, joto linasukumwa mbele, kwenye swichi na kuelekea kwenye mpira. Mwezi wa saba mmoja swichi zilipata moto hata sikuweza kuzigusa kuzima. Nilikimbilia koki ya mtungi. Geuza jiko upepo ulipige ubavuni.

Kuwasha

Fungua kifuniko. Hakikisha swichi zote zimefungwa. Fungua koki. Simama pembeni kidogo, usilitazame jiko kwa ndani kama unatafuta sindano. Fungua swichi moja tu, bonyeza cheche. Ikipita sekunde tano haijawaka, funga, subiri dakika tano nzima kifuniko kikiwa wazi, ndipo ujaribu tena. Dakika tano ni ndefu wageni wakiwa na njaa. Zisubiri. Kitufe cha cheche kwenye hewa yetu ya chumvi hakidumu. Changu kilikufa mwaka wa kwanza. Siku hizi natumia kiberiti kirefu cha gesi: natanguliza moto kwenye tundu lake, ndipo nafungua swichi.

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na unalambalamba, au ukisikia unawaka nyuma ya swichi badala ya kwenye matundu, zima mara moja. Kwetu mara nyingi ni mavu. Jiko likikaa mwezi bila kazi wanajenga viota vya udongo ndani ya mabomba ya moto, na buibui nao hutanda humo. Jiko likipoa kabisa, toa mabomba, pitisha waya laini, rudisha.

Ukiwaka, funga kifuniko, liache lipate moto dakika 10 hadi 15, ndipo usugue wavu kwa brashi. Ukimaliza, futa wavu kwa kitambaa chenye maji kilichoshikwa kwa koleo, maana unywele wa waya wa brashi ukibaki utaingia kwenye samaki na kwenye koo la mtu.

Kupika

Kifuniko kikifungwa, jiko hili ni oveni. Kikiwa wazi, nyama inaungua chini na juu bado mbichi. Nami huwa siwashi mabomba yote matatu nikishaanza kupika. Nawasha mawili, la tatu nalizima. Upande mmoja wa moto mkali, upande mwingine wa joto tu. Nyama inapata rangi upande wa moto, kisha inahamia upande wa pili kumalizika taratibu. Na usichungulie. Kila ukiinua kifuniko joto linakimbia lote. Baba watoto ndiye mchunguliaji mkuu wa nyumba hii. Nilimpa kazi ya kukata kachumbari.

Samaki nanunua Feri asubuhi. Changu wa kama kilo moja, mpasue mbavuni mpaka karibu na mfupa, mpake chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Ndimu umkamulie nusu saa kabla, si zaidi, la sivyo inamlegeza. Kabla ya kumweka mkaushe kwa kitambaa, kisha umpake mafuta yeye, si wavu. Moto wa kati, kifuniko chini, dakika nane upande wa kwanza. Ukijaribu kumgeuza akagoma, hajawa tayari kuachia. Mwache dakika mbili zaidi. Samaki anayelazimishwa huacha ngozi yote kwenye wavu.

Kuku wa kisasa hahitaji kuchemshwa. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza, tusidanganyane. Vipande vya kisasa viweke upande usio na moto, mshale wa kifuniko ukiwa kati ya nyuzi 180 na 200, kama dakika 40, ndipo uvisogeze kwenye moto ngozi ikauke. Mshale ule unapima hewa ya juu tu. Kujua kama kuku ameiva, chomeka kipimajoto penye mnofu mnene bila kugusa mfupa: nyuzi 74. Asali au tomato sosi paka dakika tano za mwisho, maana sukari huungua haraka.

Pweza ndiye anayewaleta wageni. Mchemshe kwa maji yake mwenyewe, sufuria imefunikwa, moto mdogo, mpaka uma unapita, mara nyingi dakika 45 hadi saa nzima. Mchuje, mkaushe, mpake tui zito lenye ukwaju na pilipili kichaa, kisha kwenye moto mkali kabisa dakika tatu tatu kila upande. Kwa pweza peke yake namruhusu mtu asimame jikoni anatazama.

Mama mkwe alisema chakula cha gesi hakina harufu, na alikuwa na haki. Gesi haina moshi. Ninachofanya, natia vipande vya vifuu vikavu vya nazi kwenye pakiti ya foili, natoboa matundu, naweka chini ya wavu juu ya bomba moja linalowaka. Baada ya dakika kumi moshi unaanza. Alionja, akasema "si mbaya", akaendelea na mkaa wake.

Mafuta yakishika moto

Mafuta yanayodondoka yatawaka mara moja moja. Sogeza nyama upande uliozimwa, punguza moto, basi. Lakini moto ukishika kwenye trei ya chini, zima swichi, funga koki ya mtungi kama unaifikia salama, acha kifuniko kimefungwa mpaka ufe wenyewe. Usimwage maji; maji yanarusha mafuta yanayowaka. Ukiona moto kwenye mtungi au mpira wenyewe na koki haifikiki, ondoa watu, piga 114 kwa Zimamoto. Dawa ya haya yote ni kumwaga trei kila ukipika. Mimi ninaizoa mafuta ingali vuguvugu, kabla hayajaganda.

Na korosho usilete. Mpwa wangu kutoka Newala alikuja msimu wa korosho na mfuko wa korosho zenye maganda, akamwaga kilo moja kwenye wavu akafunga kifuniko, mimi nikiwa sokoni. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi na yanayowaka kama taa. Ndiyo maana wazee huzikaangia uwanjani, kwenye debe lililotobolewa, wamesimama upande wa juu wa upepo. Ndani ya Boneti zilitoa moshi mweusi uliotutoa machozi nyumba nzima, na kipini cha kifuniko kiliyeyuka. Nilikibadilisha na kipande cha mninga.

Kupima gesi iliyobaki, mwaga maji ya moto kiasi ubavuni mwa mtungi, kisha upapase: panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofika. Au upime uzito na utoe uzito mtupu uliogongwa kwenye shingo yake. Mizani naazima kwa jirani ambaye msimu wa korosho ana shughuli zake za kangomba, yaani kununua korosho kwa magendo, kwa hiyo hatutamtaja. Jiko langu, likiwashwa lote, linakula karibu robo tatu ya kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 15 ni kama saa 20 za moto kamili.

Ukimaliza, anza kufunga koki ya mtungi, gesi iliyobaki kwenye mpira iwake iishe, ndipo ufunge swichi. Acha lipoe, paka wavu mafuta kidogo kwa ajili ya chumvi ya baharini, lifunike. Usiku nikiwa kitandani nikapata shaka kama koki nimeifunga, natoka na tochi, naikaza tena hata kama imekazwa, narudi kulala.