Kuendesha Jellyfin kwenye NAS ya Synology nyumbani

NAS, yaani kile kisanduku chenye diski mbili au zaidi kinachounganishwa na ruta ili familia ihifadhi mafaili yake mahali pamoja, inaweza pia kupeleka filamu, muziki na video za harusi hadi kwenye televisheni ya sebuleni. Maelezo haya yanahusu Jellyfin, programu huria ya kazi hiyo, iliyochipuka kutoka Emby, programu nyingine ya aina hiyo, mwezi Desemba 2018, baada ya Emby kuacha kuuweka wazi msimbo wake. Naipendelea kwa sababu haidai malipo kwa huduma yoyote, na akaunti za watumiaji hubaki ndani ya kifaa chako mwenyewe.

Kabla ya kusakinisha chochote, chunguza kichakataji cha NAS yako. Televisheni ikiweza kuicheza video kama ilivyo, NAS husoma faili na kulipeleka tu, kazi ambayo hata kichakataji hafifu huimudu. Isipoweza, kwa mfano video ikiwa imebanwa kwa mtindo wa HEVC na televisheni ni ya zamani inayofahamu mtindo wa H.264 pekee, NAS hulazimika kuigeuza video yote papo hapo huku watu wakitazama, na hapo ndipo picha huanza kukwama. Vichakataji vya Intel Celeron, J4025 katika modeli ya Synology DS220+ na J4125 katika DS920+, vina kitengo cha michoro kinachoubeba mzigo huo. Ryzen R1600 ya DS923+ haina. Mwenye kifaa cha aina hii ya pili ni afadhali azigeuze video zake mapema kwenye kompyuta, ziwe H.264, ndipo azihamishie kwenye NAS.

Katika DSM 7.2, mfumo endeshi wa NAS za Synology, fungua Package Center na usakinishe Container Manager, ambayo katika matoleo ya nyuma iliitwa Docker. Tengeneza folda mbili, config na cache, ndani ya docker/jellyfin, kisha pakua taswira (kifurushi cha programu) ya jellyfin/jellyfin na uunde kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuiendeshea. Folda hizo uzielekeze kwenye /config na /cache, na folda ya video kwenye /media. Hii ya mwisho iwekee ruhusa ya kusoma tu, ili hata programu ikikosea isiweze kufuta video ya harusi ya wazazi wako. Ukitumia mtumiaji maalumu kwa kontena hili, kama ninavyoshauri, hakikisha anaweza kuandika katika config na cache na kusoma folda ya video; maktaba inapoonekana tupu ilhali mafaili yapo, ruhusa ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Wenye kichakataji cha Intel waongeze pia /dev/dri (njia ya kukifikia kitengo cha michoro) kwenye kontena, kisha wachague QSV au VAAPI, njia za kugeuza video kwa kitengo hicho, katika mipangilio ya uchezaji.

Ruta iipe NAS anwani isiyobadilika. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari, ikifuatiwa na :8096, nawe utaongozwa kuunda akaunti ya msimamizi na maktaba. Kila filamu iwe na folda yake yenye jina na mwaka katika mabano. Vipindi vya tamthilia viandikwe kwa mtindo wa S01E01. Manukuu yawe ya SRT, ambayo ni maandishi tu, kwa kuwa yale ya PGS yanayotoka kwenye Blu-ray ni picha, na mara nyingi huilazimisha NAS kuyachoma ndani ya video, yaani kuigeuza upya.

Usifungue mlango wa mtandao (port) 8096 kwenye ruta kwa ajili ya kutazama ukiwa safarini. Tumia Tailscale au WireGuard, zinazounda njia ya siri (VPN) hadi nyumbani, ili kinachoonekana kutoka nje kisiwe Jellyfin yenyewe.

Mwisho, nakili folda ya config mara kwa mara kwenye diski ya nje, kwa maana diski mbili zinazoakisiana hazikuokoi faili likifutwa: hufutika kote kwa wakati mmoja. Simamisha kontena kwanza, kwa sababu hifadhidata ikinakiliwa huku inaandikwa, nakala yake inaweza kukataa kufunguka siku utakapoihitaji.