Kuhodhi Kiwanja Bagamoyo Mpaka Siku ya Kukiuza

Anayenunua ardhi Zinga, Kerege au Makurunge ili aje aiuze baadaye amenunua na kazi ya kuitunza. Muda hupandisha bei ya eneo zima. Bei ya kiwanja chako wewe itaamuliwa na karatasi na mipaka, maana mnunuzi mwenye pesa huja na wakili.

Kabla ya kulipa, jua ardhi ni ya aina gani. Ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, na kuihamisha kunataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, hata mhuri uwe na wino wa kukolea vipi. Iliyopimwa ina namba ya kiwanja na kitalu: omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi uone jina la mmiliki, mkopo au zuio. Ya ufukweni ipime kutoka majini, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kwanza. Dalali atakuonyesha upepo na minazi tu.

Uvumi wa miradi usikupeleke mbio. Makubaliano ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini 2013, mazungumzo yakasimama 2019, na 2021 serikali ikasema inayafufua. Aliyenunua kwa mkopo akitegemea bandari, riba haikumsubiri. Uliza pia kama eneo limo ndani ya mipaka ya mradi. Ardhi iliyokwisha kuthaminiwa kwa fidia mara nyingi ndiyo inayouzwa "kwa bei ya kutupa".

Kwenye mipaka ndiko hasara nyingi zinakoanzia. Bikoni, yaani alama za zege zinazoonyesha pembe za kiwanja, hufukiwa na mchanga, hung'olewa na trekta, au huvunjwa kwa ajili ya nondo iliyo ndani yake, ikauzwa chuma chakavu. Zipige picha zote siku ya kukabidhiwa, majirani wakiwepo. Ukizitafuta kwa simu, angalia mfumo wa ramani: ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, simu inatumia WGS84, na tofauti yake huku ni kama mita 300. Watu wamefyeka shamba la jirani kwa kosa hilo. Panda mkonge au minyaa ndani kidogo ya mstari wako, mwanzoni mwa masika, ili ishike kabla ya kiangazi. Fyeka walau mara mbili kwa mwaka, na uache njia ya kuzuia moto ya mita 3 hadi 5 pembeni.

Ukiweka mlinzi, mwandikie mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unaosema wazi kwamba anakaa kwa ruhusa yako, na mlipe kwa njia inayoacha risiti. Dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na mvamizi aliyeachwa kimya huuhesabu muda huo vizuri kuliko wewe. Mlinzi mruhusu alime muhogo, kunde au ufuta. Miembe, minazi na mikorosho asipande, kwa sababu siku ya kuondoka atadai fidia yake. Ukitaka mikorosho, panda mwenyewe kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Ekari inabeba kama 28.

Kodi ya pango la ardhi lipa kila mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Deni lake hukwamisha uhamisho. Soma na masharti ya hati: viwanja vingi vya makazi hutakiwa kuendelezwa ndani ya miezi 36, na kiwanja cha kuhodhi tu kinaweza kufutiwa umiliki.

Siku ya kuuza, mkazi wa Tanzania hulipa kodi ya asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Basi tunza mkataba wa kununulia na risiti za upimaji na uzio. Kuna pia ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa kawaida humwangukia mnunuzi. Kama ni mali ya ndoa, pata ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi mapema. Bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa. Jina kwenye hati lilingane na la kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Dalali mpe nakala ya hati. Yenyewe ibaki kwako au kwa wakili mpaka pesa iingie benki.