Nusu saa ya mchezo kwa mtoto mwenye jambo moyoni

Mtoto wa miaka mitano akiulizwa "una nini?" hujibu "sina kitu", kisha huenda uani akampiga mwanasesere mpaka kichwa king'oke. Hajakudanganya. Mpaka afike miaka 11 hivi, mtoto bado hufikiri zaidi kwa vitu anavyoviona na kuvishika, na kueleza wivu, woga au kinyongo kwa maneno ni kazi inayomzidi. Tiba ya michezo inaanzia hapo. Mtu mzima humpa mtoto mahali, vitu vya kuchezea na muda usioingiliwa, mtoto akaongoza, na yaliyomkaa moyoni yakapata pa kutokea.

Virginia Axline wa Marekani aliiandikia misingi yake mwaka 1947. Katika miaka ya 1960, Bernard na Louise Guerney wakaanza kuwafunza wazazi waendeshe vipindi hivyo wao wenyewe chini ya uangalizi wa mtaalamu. Mwongozo huu unafuata njia ya akina Guerney, kwa kiasi ambacho mlezi wa hapa Tanga mjini, awe Ngamiani, Makorora au Chumbageni, anakimudu bila chumba maalumu. Unamfaa mtoto wa miaka 3 hadi 10 aliyepata mdogo wake, aliyefiwa, aliyehamishwa nyumba, ambaye wazazi wake wametengana, au anayelia kila asubuhi ya shule. Mtoto aliyepigwa vibaya au kudhalilishwa anahitaji mtaalamu kwanza; yeye tutamgusia mwishoni.

Nani akae naye, wapi na lini

Mzazi ni chaguo la kawaida, lakini kwetu bibi au babu mara nyingi anafaa zaidi. Utani wa babu na mjukuu umekwisha kufungua mlango: mjukuu humwamuru bibi yake akae, anyamaze, ale ugali wa mchanga, na hakuna anayeona amekosa adabu. Baba akiamriwa vile hushtuka, na mtoto huuona ule mshtuko usoni mwake. Baba anayetaka kukaa mwenyewe aweze kwanza kuketi jamvini kimo kimoja na mtoto, simu ikiwa chumbani kwa mtu mwingine.

Panga kipindi kimoja kwa wiki, dakika 30, siku ile ile na saa ile ile. Watoto wengi hapa hutoka shule wakaingia chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo chagua siku ambayo chuo kimefungwa, baada ya alasiri jua likishapungua. Wiki ukikosa bila kumwambia, anajifunza kuwa ahadi yako ni ya hewani, na wiki inayofuata hatakuonyesha kitu. Ukijua utasafiri, mwambie mapema na umtajie siku mtakayorudia.

Mahali pakiwa upenuni au kona ya ua, tandika jamvi, na jamvi ndilo chumba. Kazi ngumu ni watoto wengine. Nyumba ya wapangaji haikosi watoto sita wanaochungulia, na mtoto anayetazamwa hucheza cha kutazamwa. Mwombe shangazi awachukue kwenye rede au kombolela upande wa pili wa nyumba. Ikishindikana, hamia chumbani na ushushe pazia.

Beseni la vitu

Vitu 15 hadi 20 vinatosha, na vyote vikae kwenye beseni moja lenye mfuniko linalotolewa kwa kipindi hiki tu. Vikizagaa wiki nzima vinageuka vitu vya kawaida na kuisha nguvu. Weka vya aina tatu.

Vya kulea na vya nyumbani: wanasesere wanne wa vitambaa (mwanamke, mwanamume, mtoto na kichanga), kipande cha kanga cha kubebea, sufuria ndogo, mwiko, vikombe viwili, bandeji, bomba la sindano jipya lisilo na sindano, simu mbovu iliyotolewa betri.

Vya hasira na woga: simba, nyoka, mamba, gari la waya, ngalawa ndogo, na mto wa sufi wa kupigwa. Wazazi wengi huviacha hivi kwa hofu ya kumfundisha mtoto ukali. Ukali anao tayari. Asipopata mamba, atautolea kwa mdogo wake.

Vya kuumbia: karatasi, kalamu za rangi, unga uliokandwa na mchanga. Unga ni rahisi: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kikombe 1 cha maji kinachotiwa kidogo kidogo, vijiko 2 vya mafuta. Kanda mpaka uache kushika vidole. Kwa unyevu wa hewa ya Tanga utaanza kutoa maji baada ya siku chache kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Ongeza unga kidogo, na ukinuka utupe. Mtoto asiule, chumvi yake ni nyingi mno.

Mchanga wa ufukweni usiletwe moja kwa moja. Chumvi yake huwasha michubuko na huufanya ubaki na majimaji. Uoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mara mbili, uanike, uchekeche. Kisanduku cha mbao cha sentimita 70 kwa 50, kina 7 au 8, kipakwe rangi ya buluu ndani, kisha kijazwe mchanga nusu. Mtoto akiusukuma pembeni anapata bahari. Kifunike kipindi kikiisha, maana paka wa jirani hawasubiri kukaribishwa.

Usiweke mchezo wa betri, fumbo lenye jibu moja, wala kitu ambacho kikivunjika utaumia roho. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3 nyumbani, vitu vinavyoenea mdomoni navyo visiwepo.

Kipindi chenyewe

Anza kwa maneno yale yale kila wiki: "Hii ni nusu saa yako. Vitu hivi unaweza kuvichezea kwa namna nyingi unazopenda." Sema "nyingi", usiseme "zozote", kwa sababu mipaka ipo na hutaki kuvunja neno lako dakika ya tano.

Kisha nyamaza kidogo. Mtoto akikaa kimya dakika kumi ameduwaa, mwache. Akianza, eleza unachokiona: "Unaijaza mpaka juu." "Umemlaza yule peke yake." Usikipe kitu jina kabla yake. Kijiti alichookota kinaweza kuwa mkuki, mgonjwa au jini, na ukisema "naona una mkuki" umekwisha kumchagulia. Taja hisia ukiiona: "Simba amekasirika." Akikukosoa, "hajakasirika, ana njaa", pokea: "Ahaa, ana njaa." Usitangaze kila anachofanya kama mtangazaji wa mpira, maneno machache yaliyolenga yanatosha.

Makosa mawili ndiyo yanayoharibu vipindi vingi. La kwanza ni maswali. "Hii rangi gani?" inaigeuza nusu saa kuwa darasa, na "kwa nini umempiga mtoto wake?" inaigeuza kuwa baraza la usuluhishi. La pili ni sifa. "Hodari wewe!" inamfundisha acheze kwa kukupendeza, na siku ana hasira ataificha ili asipoteze sifa. Badala yake itaje juhudi: "Umehangaika nacho mpaka kikasimama." Akikuuliza "nichore nini?" mrudishie: "Hapa unaamua wewe."

Zikibaki dakika tano mwambie, ikibaki moja mwambie tena. Muda ukiisha, simama wewe kwanza. Usimlazimishe kupanga vitu. Vipange mwenyewe baadaye.

Mipaka

Mipaka ni michache: hatujiumizi, hatuumizani, hatuvunji vitu kwa makusudi, hatutoki jamvini kabla ya wakati ila kwenda chooni. Usiisome kama sheria za shule. Itaje pale inapohitajika, kwa hatua tatu. Tuseme ameshika mchanga akulenge usoni. Kwanza taja hisia: "Naona umenikasirikia." Pili taja mpaka: "Mimi si wa kurushiwa mchanga." Tatu mwonyeshe pa kuupeleka: "Mto ule unaweza kuurushia." Akirudia mara ya tatu, mpe uamuzi: "Ukirusha tena, utakuwa umechagua mchanga ufungwe leo." Akirusha, ufunge, bila kupandisha sauti na bila hotuba. Ukitoa onyo usilitimize, wiki ijayo atapima zaidi.

Kipindi hiki kamwe kisiwe zawadi wala adhabu. "Umemjibu mama vibaya, leo hakuna mchezo" inamnyima mtoto msaada siku anayouhitaji kuliko zote.

Akicheza mazishi

Hapa ndipo watu wazima huvunja kila kitu. Mtoto aliyefiwa anamfunga mwanasesere kwa kitambaa cheupe, anamchimbia mchangani, anamfukia, pengine anaitikia dua aliyoisikia. Sauti kutoka dirishani: "Acha uchuro!" Mtoto anaacha, na anajifunza kuwa jambo hilo haligusiki mbele ya wakubwa.

Mwache azike. Sema unachokiona: "Umemfunika vizuri. Watu wamekuja." Akimfukua na kumzika tena mara nne, ndivyo anavyojaribu kulielewa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa mvuvi ambaye ngalawa yake inazama kila wiki. Angalia kama mchezo unasogea: wiki hii wote wamezama, wiki ijayo mmoja ameokolewa, baadaye kunatokea jahazi la kuwachukua. Mchezo unaojirudia vile vile majuma kadhaa, uso mkavu, pumzi imebanwa, na mtoto akaondoka na fadhaa kuliko alivyokuja, umekwama. Usimmalizie hadithi wewe. Simamisha vipindi, utafute mtaalamu.

Nje ya jamvi, mweleze kifo waziwazi. Akiambiwa babu "amesafiri", atamngoja, na ataogopa kila mtu anapofunga begi.

Kinachofuata

Wiki mbili tatu za mwanzo tabia inaweza kuzidi kidogo, kwa kuwa anapima kama mahali hapa ni salama kweli. Walezi wengi huacha hapo hapo. Jipe vipindi 8 hadi 10 kabla ya kuhukumu, na utazame mambo ya nje ya mchezo: usingizi, kula, kukojoa kitandani, kununa, kumng'ang'ania mama mlangoni. Usiwasimulie majirani alichocheza, hata kwa kucheka. Vipindi vikikaribia kwisha, mwambie mtoto vikiwa vimebaki viwili.

Asiyesema kabisa, anayejiumiza, anayeacha kula, au anayepotewa na fahamu na kushikwa na degedege, apelekwe hospitali, iwe kituo cha karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nayo hupokea watoto hawa na kuwaelekeza kwa wanasihi.

Mtoto akionyesha au kusema kuwa kuna mtu anamdhalilisha, usimhoji, usimrudishe aoneshe tena, usimwite mtuhumiwa. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako." Usimwahidi kuwa utaficha. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ikiwa ameingiliwa kimwili, afike hospitali mara moja, kabla ya kuogeshwa na kubadilishwa nguo kama inawezekana; dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.