Somo: Kupima kotisoli kwa mgonjwa mahututi mwenye sepsisi (maambukizi yaliyoufanya mwili kudhuru viungo vyake)

Kotisoli ni homoni ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo; huusaidia mwili kushikilia presha unapoumwa. Niliwahi kushangilia kotisoli iliyopanda hadi mashine ikashindwa kuihesabu. Kumbe mwenzangu wa zamu ya usiku alishamchoma mgonjwa haidrokotisoni, hakuandika. Haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe. Tulipima dawa yetu wenyewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni faili, sindano baadaye. Tafuta haidrokotisoni na predinisoloni, dawa nyingine ya jamii hiyo ya steroidi, zote huipotosha mashine. Tafuta na etomideti, ile dawa ya usingizi inayotolewa kabla ya kuweka mpira wa kupumulia: dozi moja tu huizuia tezi kutengeneza kotisoli.

Pili, toa damu, ila si kwenye mkono wenye dripu. Usingoje asubuhi. Mtu mwenye afya kotisoli yake hupanda alfajiri na kushuka usiku. Kwa mahututi mpangilio huo huvurugika. Kwenye chupa andika saa, tarehe peke yake haitoshi.

Tatu, ukitaka kuichokoza tezi, choma ACTH (homoni inayoiamrisha tezi itoe kotisoli) ya kutengenezwa maikrogramu 250 kwenye mshipa, kisha toa damu tena dakika ya 30 na ya 60.

Sasa kusoma, na hapa ndipo wengi tunateleza. Kotisoli chini ya maikrogramu 10 kwa desilita, au nyongeza isiyofika 9 baada ya ACTH, inatia shaka kwamba tezi imezidiwa. Lakini angalia albumini, protini ya damu, kwanza. Kotisoli nyingi husafiri imebebwa na protini. Protini zikishuka, jumla huonekana ndogo hata kama ile iliyo huru inatosha.

MASWALI

– Dokta, presha haipandi na majibu ni kesho. Nisubiri?

Usisubiri, ndugu yangu. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 haudai kipimo. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ikifika maikrogramu 0.25 kwa kilo kwa dakika, na zimepita saa 4 au zaidi tangu uianze, mpe haidrokotisoni miligramu 50 kila baada ya saa 6.

– Sasa tunapima ya nini?

Kwa yule unayehisi tezi zake zilikuwa mbovu tangu nyumbani: TB ya tezi za adrenali, au aliyemeza predinisoloni miezi mingi akaacha ghafla.

– Jibu limerudi "14" tu, basi.

Pigia maabara sasa hivi, uulize ni 14 ya kizio gani. Maikrogramu 14 kwa desilita ni nanomoli 386 kwa lita. Nanomoli 14 ni karibu na hakuna.